Fataki, Utambi na Fyuzi: Uhakiki wa Istilahi za Kufyatua Fataki kwa Umeme

Makosa ya istilahi hayalingani kwa uzito. Istilahi ya sarufi ikikosewa, mwanafunzi hupoteza alama na mwalimu humsahihisha juma lifuatalo. Istilahi ya baruti ikikosewa, huenda msomaji asipate juma lifuatalo la kusahihishwa. Kwa sababu hiyo yafaa tuitazame kwa makini lugha inayotumika katika karatasi za maelekezo ya vifaa vya kufyatulia fataki kwa umeme, ambavyo vimeanza kuonekana katika kumbi za arusi na katika sherehe za mwaka mpya.

Makala haya yanahakiki tafsiri ya karatasi moja ya namna hiyo, yenye kurasa mbili, iliyokuwa inazunguka Tanga pamoja na kifaa chake. Mtafsiri hakuandika jina lake, wala si shabaha yetu kumtafuta. Makosa yake si ya mtu asiyejua Kiswahili. Ni ya mtu aliyetafsiri neno kwa neno pasipo kujiuliza kila neno lina kazi gani katika kifaa chenyewe, na kosa hilo tunalikuta kila siku katika nyaraka zetu.

Kifaa chenyewe

Haiwezekani kuhakiki jina la kitu tusichokijua. Kifaa hiki kina sehemu tatu. Ya kwanza ni kidhibiti, yaani kisanduku chenye betri, swichi ya ufunguo na vitufe, ambacho hukaa mkononi mwa mfyatuaji aliyesimama mbali. Ya pili ni kisanduku cha kupokelea, ambacho huwekwa karibu na fataki na hupata amri kwa waya au kwa mawimbi ya redio. Ya tatu ni kiwashio, kitu kidogo kinachounganishwa na kila fataki kwa waya mbili.

Viwashio viko vya aina mbili. Aina moja ina waya mwembamba sana uliopakwa dawa inayowaka upesi: mkondo wa kama nusu ampea hadi ampea moja ukipita, waya hupata joto na dawa hutoa mwali papo hapo. Aina nyingine haina dawa. Ni kibanio tu chenye waya unaopata joto, nacho hubanwa juu ya utambi wa fataki na huchukua sekunde kadhaa kabla utambi haujashika.

Faida ya mpango huu ni dhahiri. Anayewasha kwa kiberiti huinama juu ya fataki, halafu hukimbia. Anayefyatua kwa umeme hana haja ya kusogea. Lakini faida hiyo hudumu maadamu utaratibu unafuatwa, na utaratibu hufuatwa ukiwa umeeleweka. Hapa ndipo lugha inapoingia.

Neno moja, kazi mbili

Katika karatasi tunayoihakiki, kosa lililo baya kupita yote ni la neno fyuzi. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu viwili. Kimoja ni kile kipande cha ndani ya kifaa cha umeme kinachoungua mkondo unapozidi, ili kisiharibike kingine. Cha pili ni uzi wenye baruti unaopeleka moto hadi ndani ya fataki. Hivi viwili hufanya kazi zinazopingana: cha kwanza hukata njia ili moto usitokee, na cha pili hufungua njia ili moto ufike. Kiswahili kimekwisha kuvitenganisha. Fundi umeme anasema fyuzi, na mchimba mawe anasema utambi. Mtafsiri akaiacha tofauti hiyo iliyokuwa mkononi mwake, akaviita vyote fyuzi.

Matokeo yake ni haya. Katika ukurasa wa pili karatasi inamwambia msomaji kwamba fyuzi ikiungua, aibadilishe. Agizo hilo lilihusu kidhibiti, nalo ni sahihi kabisa kwa kidhibiti. Lakini msomaji huyo huyo amesoma ukurasa wa kwanza, na huko ameambiwa kwamba fyuzi ni ule uzi unaotoka kwenye fataki. Sasa fataki yake haikulia, na utambi wake umeungua. Anafanya nini? Anatii karatasi: anaisogelea fataki iliyokwisha kuguswa na moto, anainama juu yake, na anaanza kuitia utambi mpya. Hakuna tendo la hatari zaidi katika kazi yote hii kuliko hilo, naye amelifanya kwa kufuata maelekezo.

Hata hivyo, neno utambi nalo lina upungufu wake. Utambi wa taa, utambi wa fataki na utambi wa machimboni twauita kwa jina moja, ilhali mwendo wake hautofautiani kidogo. Utambi wa kawaida wa fataki za madukani huungua kama sentimita moja kwa sekunde. Utambi wa usalama wa machimboni huenda polepole zaidi, kiasi cha dakika mbili kwa mita moja. Uko utambi uliofunikwa kwa karatasi ambao moto hupita ndani yake mita nyingi kwa sekunde. Uko pia utambi wa mlipuko, ambao hauungui bali hulipuka wenyewe kwa mwendo wa mita 6,000 hadi 7,000 kwa sekunde. Mwenye kusikia neno utambi akadhani ana nafasi ya kukimbia, kumbe anao huo wa mwisho, hana nafasi ya kufikiri.

Orodha ya Umoja wa Mataifa ya bidhaa za hatari inavipa vitu hivi nambari mbalimbali: utambi wa usalama ni 0105, utambi wa haraka ni 0101, na utambi wa mlipuko unaopindika ni 0065. Karani wa bandari anayeona nambari hizo juu ya sanduku anajua kwamba ni vitu vitatu. Yapasa Kiswahili nacho kimwambie hivyo hivyo, na njia ni nyepesi: utambi wa polepole, utambi wa haraka, utambi wa mlipuko. Katika nyaraka za usalama neno utambi lisiachwe peke yake.

Fataki tatu

Tuje sasa kwenye neno fataki lenyewe. Katika kamusi za zamani fataki ni kile kifuniko kidogo cha baruti kilichogongwa na nyundo ya bunduki ili kuwasha baruti iliyokuwa ndani. Yaani fataki ilikuwa kianzishi cha mlipuko. Baadaye neno likapanuka, likashika vile vitu vya sherehe vinavyorushwa angani na kupasuka kwa rangi na kishindo, kama vinavyorushwa mjini Unguja usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari kuadhimisha Mapinduzi ya 1964. Wachimbaji wa madini hawakufuata upanuzi huo. Kwao fataki imebaki kianzishi: kile kijibomba chembamba cha metali kinachotiwa ndani ya baruti ili kuilipua. Maana hiyo ndiyo iliyomo katika hotuba za bajeti za Wizara ya Madini, zinapotaja tani za baruti na idadi ya fataki zilizoingizwa nchini. Asiyejua atadhani taifa linajitayarisha kwa sherehe kubwa mno.

Tena kuna maana ya tatu. Tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, fataki ni mtu mzima anayewarubuni wasichana wadogo. Maana hiyo imeenea hata mwalimu mkuu akibandika shuleni tangazo la kuwaonya wanafunzi wajihadhari na fataki, hawezi kuwa na hakika ni onyo gani litakalosomwa.

Maana ya tatu ina kichekesho ndani yake, na muktadha huiokoa. Hatari imo kati ya maana ya kwanza na ya pili. Fataki ya sherehe na fataki ya mgodini ni vitu tofauti kwa tabia. Katika orodha ile ile ya Umoja wa Mataifa, fataki za sherehe zimepewa nambari 0333 hadi 0337, na nyingi ya zile zinazouzwa kwa watu wa kawaida ni 0336. Fataki za umeme za kulipulia zina nambari zake, 0030, 0255 na 0456, na zile za 0030 na 0255 ziko katika kundi jingine kabisa la upatanifu, kwa hiyo kwa kawaida hazisafirishwi pamoja na zile za sherehe. Fataki ya mgodini haitoi rangi. Ni ndogo kama kalamu iliyokatwa, haina sura ya kutisha, nayo inatosha kukata vidole vya mkono.

Pwani ya Tanga jambo hili si la nadharia. Huko kuna machimbo ya mawe ya chokaa ya Pongwe, yanayolisha kiwanda cha saruji. Huko pia kwa miaka mingi kumekuwa na uvuvi wa baruti, ijapokuwa ulipigwa marufuku kwa sheria ya uvuvi ya mwaka 1970, na ijapokuwa tangu 2009 sehemu ya bahari hiyo ni Hifadhi ya Silikanti. Mvuvi haramu hutumia baruti, utambi na fataki ya kulipulia. Ikiwa kitu hicho kitaanguka mchangani kikaokotwa na mtoto, na mtoto akauliza ni nini, atajibiwa kwa neno gani? Ataambiwa ni fataki. Naye fataki anazijua: amezishangilia usiku wa mwaka mpya akiwa mabegani mwa baba yake. Neno litakuwa limemkaribisha pale ambapo lilipaswa kumfukuza.

Wako wanaoshauri kwamba vitu vya sherehe viitwe fashifashi, na fataki iachiwe wachimbaji. Ushauri huo una hoja, kwani fashifashi ni neno lililopo, na magazeti hulitumia. Lakini haielekei kwamba umma utaacha kusema fataki kwa sababu Baraza limependekeza, wala wachimbaji hawataliacha neno walilorithi. Kazi ya mkuza istilahi si kuwanyang'anya watu maneno. Ni kuhakikisha kwamba mahali penye hatari neno haliendi peke yake. Tunapendekeza basi kwamba katika sheria, maelekezo na matangazo yote ya usalama iandikwe fataki ya sherehe au fataki ya kulipulia, na fashifashi litumike kama kisawe cha ile ya kwanza.

Hali kadhalika neno bomu. Baada ya maafa ya Mbagala ya tarehe 29 Aprili 2009 na ya Gongo la Mboto ya tarehe 16 Februari 2011, kila kitu kilichotawanyika mitaani kiliitwa bomu. Kwa mwananchi aliyeambiwa asikiguse, neno hilo lilitosha, maana lilimwogopesha. Jina la jumla linaloogopesha kupita kiasi lina madhara madogo kuliko jina la jumla linalotuliza kupita kiasi, na fataki ni la namna hii ya pili.

Vitenzi vimesahauliwa

Orodha zetu nyingi za istilahi, tangu vijitabu vya Tafsiri Sanifu vya miaka ya 1970, ni orodha za majina ya vitu. Yako majina ya vyombo, ya sehemu zake na ya wanaovitumia. Vitenzi ni vichache. Lakini mtu hajeruhiwi na jina la kifaa. Hujeruhiwa na alichokitenda, na alichokitenda aliambiwa kwa kitenzi. Karatasi tunayoihakiki ina vitenzi vitatu vinavyostahili kutajwa.

Cha kwanza ni jaribu. Msomaji anaambiwa ajaribu kila fataki kabla ya watu kufika. Asili ilikusudia kwamba apitishe mkondo mdogo sana, usioweza kuwasha kitu, ili aone kama njia ya umeme haikukatika mahali. Kwa Kiswahili, kuijaribu fataki ni kuiwasha uone kama inawaka. Kitenzi kilichotakiwa ni kupima: pima njia ya umeme ya kila kiwashio. Tena ilipasa kuongezwa kwamba upimaji ufanywe kwa kipimo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, watu wakiwa mbali, na kamwe si kwa kugusisha waya kwenye betri.

Cha pili ni kuipa mashine silaha, maneno yaliyotafsiriwa sisisi kutoka katika Kiingereza. Msomaji atatazama huku na huku akitafuta silaha, asiione, kisha ataruka mstari. Mstari alioruka ndio uliomweleza tofauti kati ya kifaa kilicholala na kifaa kilicho tayari kufyatuka.

Cha tatu si kitenzi ila kimekaa mahali pa kitenzi: juu ya kitufe kumeandikwa MOTO. Wengine watadhani kitufe kina joto, na wengine watadhani ni cha kubonyezwa moto unapozuka. Huyu wa pili, akiona nyasi zimeshika moto, atabonyeza kwa nia njema na kufyatua fataki zilizobaki.

Tiba ya vitenzi hivi haina haja ya kutafutwa ng'ambo. Lugha yetu ina ukoo mzima wa maneno kuhusu kitu kilichotulia lakini kimejaa nguvu inayongoja, nao ni ukoo wa mtego. Mtego hutegwa, mtego hufyatuka, na mtego ambao hautakiwi tena huteguliwa. Mtoto yeyote wa shambani anajua kwamba mtego uliotegwa haupitiwi karibu. Magazeti yamekwisha kusema kutegua bomu, na msomaji amelielewa neno pasipo kufafanuliwa. Basi tuseme kutega kidhibiti kwa kugeuza ufunguo kikawa tayari, kufyatua kwa kubonyeza kitufe, na kutegua kwa kukirudisha katika usalama. Maneno haya yana sifa tunazozitaka katika istilahi: ni mafupi, yanafuata sarufi, yanazaa mengine kama mfyatuaji, ufyatuaji na kitegulio, na yanahusiana yenyewe kwa yenyewe, hata anayelijua moja hulibahatisha jingine.

Fataki iliyogoma

Jambo la mwisho ni jina la fataki ambayo amri imetolewa nayo haikulia. Karatasi inaiita fataki mbovu. Kitu kibovu kwetu ni kitu kilichokwisha: embe bovu hutupwa, redio mbovu hupewa watoto wachezee. Lakini fataki hiyo haikwisha. Huenda moto ungali unatambaa ndani yake, au kiwashio kimeshika nusu. Mafundi wa kazi hii huagiza kwamba kidhibiti kiteguliwe, ufunguo utolewe, betri itenganishwe, na watu wangoje dakika zisizopungua 15, wengine husema 30, kabla ya yeyote kusogea. Kisha fataki hulowekwa majini.

Tunapendekeza iitwe fataki iliyogoma. Mashine ikikataa kuwaka twasema imegoma, na kila mtu anajua kwamba aliyegoma aweza kurudi kazini wakati wowote. Neno linabeba onyo lake ndani yake.

Je, tuyaache ya Kiingereza?

Wako watakaosema kwamba jitihada yote hii ni ya bure, kwa kuwa mafundi wanajua detoneta, swichi na rimoti, nao ndio watumiaji. Sehemu ya hoja hiyo tunaikubali. Betri, swichi na waya ni maneno ya Kiswahili sasa, na hakuna faida ya kuyafukuza. Hata rimoti, ingawa kitenzambali lipo na ni zuri, halimdhuru mtu. Ukali wa usanifishaji hauna haja pale ambapo neno la mkopo lina maana moja tu na kila mtu anaijua.

Lakini si kweli kwamba fundi ndiye msomaji wa pekee. Mwenye ukumbi atasoma, na kijana aliyeajiriwa kwa usiku mmoja abebe masanduku atasomewa. Ofisa anayepokea maombi ya kibali atasoma, maana baruti nchini ziko chini ya sheria tangu Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na kila mwisho wa mwaka Polisi huwakumbusha wananchi wasifyatue fataki pasipo kibali. Ofisa huyo hawezi kukataa wala kukubali kitu ambacho hakijui ni kipi kati ya viwili. Wasomaji hao hawakupita chuo cha ufundi. Walichonacho ni Kiswahili.

Mfano na ombi

Ili tusilaumu tu, tunatoa hapa aya fupi jinsi ilivyopasa kuandikwa:

Unganisha viwashio kidhibiti kikiwa kimeteguliwa na ufunguo ukiwa mfukoni mwa anayeunganisha. Ncha za waya za kiwashio zisokotwe pamoja hadi zitakapounganishwa. Usiweke sehemu yoyote ya mwili juu ya mdomo wa fataki. Watu wote wakiisha kuondoka, pima njia ya umeme ya kila kiwashio. Tega kidhibiti wakati wa kufyatua umefika, si kabla. Ukimaliza, tegua, toa ufunguo, tenganisha betri. Fataki ya sherehe iliyogoma isisogelewe kabla ya dakika 30 kupita.

Hakuna katika aya hiyo neno ambalo mwanafunzi wa Usagara mjini Tanga hatalielewa, na hakuna neno lenye njia mbili. Imetumia maneno yale yale tuliyokuwa nayo siku zote, kila moja likiwa limewekwa katika kazi yake.

Tunawaomba walimu wa fizikia, maofisa wa bandari na forodha, wakaguzi wa migodi na watafsiri watuletee maneno wanayoyasikia katika kazi zao kwa vitu vilivyotajwa hapa, hasa majina ya aina za tambi na ya fataki iliyogoma. Pendekezo la Baraza litapimwa kwa maneno hayo kabla halijasanifishwa. Na wale wanaotafsiri karatasi za maelekezo tunawaomba jambo moja: kila unapoandika agizo, jiulize msomaji atafanya nini kwa mikono yake akilitii kama lilivyoandikwa, na ikiwa atafanya jambo tofauti na ulilokusudia, badilisha neno kabla karatasi haijatoka mkononi mwako.